Nikimtazama mume wangu naona hasira, yeye anasema hana

Anti, shikamoo.

Nina miaka 31, nimeolewa, tuna binti wa miaka minne na tunaishi Morogoro. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Anapakia bandarini Dar es Salaam na kushusha Lubumbashi, kwa hiyo anaweza kuwa barabarani wiki kadhaa, akirudi anakaa siku chache halafu anaitwa tena. Si mlevi. Tangu tuoane hajawahi kuninyanyulia mkono wala kunitukana, na hajawahi kunitisha. Naliweka hili mwanzo usije ukadhani nakuletea kesi ya mume mkorofi.

Tatizo langu ni uso wake. Au ni macho yangu, ndicho ninachotaka unisaidie kukijua.

Akishuka tu kwenye bodaboda pale nje, hata hodi hajapiga, mimi nimeshamsoma. Naona amekunja ndita, midomo ameibana, na moyo wangu unaanza kwenda mbio. Najiambia amekasirika. Naanza kupekua kichwani nimekosea wapi: labda amesikia nilimkopesha mdogo wangu hela, labda mama yake amempigia simu akamwambia neno. Namuuliza, "Baba, umekasirika?" Anasema hapana. Baadaye namkuta amekaa kimya anatazama ukuta, namuuliza tena. Anasema hapana, nimechoka. Nikiuliza mara ya tatu anapandisha sauti: "Nimesema sijakasirika!" Hapo sasa amekasirika kweli, na mimi moyoni nasema, si nilijua? Tunalala kila mtu amegeukia upande wake.

Cha ajabu, akiwa safarini tunaongea kwenye simu vizuri kabisa. Akiwa foleni Tunduma tunaweza kuzungumza mpaka salio linakata, tunacheka. Sijawahi kumuuliza kwenye simu kama amekasirika.

Anti, nimekulia kwenye nyumba ya baba mkali. Mungu amrehemu, lakini alikuwa mkali kupita kiasi. Jioni akirudi tulikuwa tunachungulia dirishani. Akija na uso wa namna fulani nilijua leo hakuna kuomba hela ya daftari, hakuna kucheka, na wadogo zangu nawapeleka uani haraka. Mara nyingi nilipatia. Nilipokosea, mkanda ulifanya kazi yake. Mama alikuwa akisema mimi ndiye niliyewaokoa wenzangu kwa kujua kusoma uso. Mume wangu hayajui haya. Nilimwambia tu kwamba baba alikuwa mkali.

Kazini kipaji hiki kinanisaidia. Niko mapokezi kwenye zahanati binafsi, na daktari wetu hunisifu kwamba mgonjwa aliyezidiwa namwona akiwa bado mlangoni. Hata kwenye kicheni pati yangu kungwi alisema mwanamke mwerevu hamwambii mumewe jambo kabla hajamsoma usoni. Nikajisema, hilo ninalo tayari.

Lakini wifi yangu, ambaye yuko nasi akisoma chuo, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Kaka yake awe amenuna au anacheka, kwake ni mamoja. Anamwendea kaka huyo akiwa na uso uliokunjamana vilevile, "Kaka, naomba nauli," na anapewa. Ananiambia, "Wifi, wewe ni mtu wa wasiwasi tu, ndiyo tabia yako."

Halafu hivi karibuni dada mmoja kazini alileta jaribio kwenye simu, picha za macho tu, unachagua mtu huyu anahisi nini. Nikawa wa mwisho. Walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu kama hata hilo sijui, basi nimekuwa nikifanya nini miaka yote hii?

Kilichonifanya nikuandikie ni binti yetu. Juzi baba yake alikuwa sebuleni anasoma ujumbe kwenye simu. Mtoto akanivuta kanga, akaninong'oneza: "Mama, baba amekasirika?" Nilishindwa kumjibu.

Je, ni kweli kwamba kusoma nyuso ni tabia ya mtu, wengine wanayo na wengine hawana? Mimi ni yupi? Na nifanyeje?

Mke wa dereva, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Ahsante kwa barua iliyoeleza mambo bila kumpaka mtu matope. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nilisimama palepale: watoto waliojibanza dirishani wakimchungulia baba yao. Naamini hasira unayoiona usoni kwa mume wako inatoka pale zaidi kuliko inavyotoka kwake.

Silisemi hili kwa kubahatisha. Mwanasaikolojia Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, amefanya kazi kwa miaka mingi na watoto waliolelewa kwa kipigo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, yeye na mwenzake waliwaonyesha watoto picha za nyuso ambazo mwanzoni hazikuonekana vizuri, kisha zikawa zinaonekana kidogo kidogo. Watoto waliowahi kupigwa waliitambua hasira mapema kuliko wenzao, wakati picha bado haijakaa sawa. Mwaka huohuo akachapisha utafiti mwingine, safari hii nyuso zikiwa zimechanganywa kwa kompyuta: hasira kidogo na hofu kidogo, au hasira kidogo na huzuni kidogo. Penye mchanganyiko huo, watoto waliopigwa waliita "hasira" nyuso ambazo wenzao waliziita hofu au huzuni. Lakini walipopewa furaha na huzuni wazitenganishe, hawakutofautiana na wengine.

Tazama maana yake kwako. Hukuwa na kasoro ya macho, na mama yako hakukosea aliposema uliwaokoa wadogo zako. Mtoto ambaye kosa lake moja la kusoma linaleta mkanda hujifunza upesi, na hujifunza kuegemea upande wa tahadhari. Ukidhani baba amekasirika kumbe hajakasirika, umepoteza nini? Kicheko cha jioni moja. Ukidhani hajakasirika kumbe amekasirika, ni mgongo wako. Ndivyo akili yako ilivyopiga hesabu, na kwa nyumba ile ilikuwa hesabu sahihi. Ni kama mlinzi aliyewahi kuvamiwa: atapiga filimbi hata kwa paka, na usiku mwizi akija kweli atakuwa wa kwanza kumwona. Mlinzi wa namna hiyo ana sikio zuri. Ila wenye nyumba hawalali.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na hata wewe kwenye barua yako umeyachanganya. Kuona mapema ni jambo moja. Kupatia ni jambo lingine. Wewe unaona mapema sana, hasa hasira. Hilo halina maana kwamba kila unachokiona kipo.

Sasa nije kwenye neno la wifi yako, kwamba ni tabia. Wanasaikolojia wengi huzipima tabia za watu kwa mafungu makubwa matano: jinsi mtu alivyo wazi kwa mambo mapya, umakini wake katika kazi na wajibu, uchangamfu wake mbele za watu, upole wake katika kuelewana na wenzake, na wepesi wake wa kuingiwa na wasiwasi na huzuni. Na ndiyo, wamejaribu kuangalia ni nani kati ya hao husoma nyuso vizuri. David Matsumoto na wenzake walichapisha mwaka 2000 kipimo ambacho uso wenye hisia hupita mbele ya macho yako kwa muda mfupi mno, na waliofanya vizuri zaidi walielekea kuwa wale walio wazi kwa mambo mapya na wale walio makini. Tafiti nyingine zimemwona mtu aliye wazi kwa mambo mapya akiongoza pia. Lakini usiende ukatafuta humo hukumu yako, kwa sababu uhusiano huo ni mdogo. Ukimjua mtu tabia zake zote tano, bado huwezi kuniambia kwa uhakika kama atajua uso wa jirani yake unasema nini. Uchangamfu, ambao watu wengi hudhani ndio ungesaidia kuliko vyote, wakati mwingine unasaidia kidogo na wakati mwingine hausaidii kabisa.

Wasiwasi ndio unaokuhusu. Mtu mwenye wasiwasi mwingi, hasa wasiwasi wa kuogopa watu watamwonaje, akionyeshwa uso usio na hisia yoyote ya wazi, huelekea kuuona una ubaya ndani yake. Uso mkavu kwake haubaki kuwa mkavu, hugeuka lawama. Mtu mwenye sonona naye huelekea kuona huzuni mahali ambapo wengine hawaoni kitu. Kwa hiyo wifi yako amepatia nusu. Wasiwasi upo, lakini kuuita "tabia yako tu" ni kuukata shina ukaacha mzizi, kwa sababu umeniandikia mwenyewe ulikoanzia.

Na wifi yako mwenyewe je? Kwa maelezo yako siamini kwamba anasoma nyuso kuliko wewe. Pengine anasoma kidogo zaidi. Anachokuzidi ni kwamba anajaribu. Anamwendea kaka yake mwenye ndita, anaomba nauli, anapewa, na siku hiyo amejifunza kitu: ndita zile hazikuwa hasira. Kesho atajifunza tena. Wewe ukiona ndita unarudi nyuma, unanyamaza, unapekua makosa yako. Hupati nafasi ya kugundua kwamba ulikosea. Na unapouliza, unauliza hadi mara ya tatu, na mara ya tatu inaleta kelele, halafu kelele ile unaichukua kuwa ushahidi wa ulichokiona mwanzo. Mwanangu, hasira ile ya mwisho ni ya kweli, sikatai. Lakini ilizaliwa sebuleni kwenu dakika ileile. Hakushuka nayo kwenye bodaboda.

Ona pia kwa nini kazini unapatia. Mgonjwa anaingia ameshika kifua, amejikunja, anatembea kwa kuburuta miguu. Unaona mwili mzima, na uko zahanati, mahali ambapo watu huja kwa sababu wanaumwa. Zaidi ya hayo, dakika chache baadaye yeye mwenyewe anakwambia anaumwa nini, au daktari anakwambia. Kila siku unasahihishiwa daftari lako. Kipaji kile ni cha kweli, na daktari ana haki ya kukusifu. Nyumbani hakuna anayesahihisha.

Tena uso wenyewe, hata kwa msomaji aliyetulia, hautoi kila kitu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba kila hisia ina sura yake na dunia nzima inaijua. Mmarekani Paul Ekman alikwenda Papua New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa watu wa Fore, akarudi akisema hivyo, na mafunzo mengi duniani yakajengwa juu ya kazi yake. Lakini mambo yamekuja kuonekana magumu zaidi. Hapa hapa kwetu, kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, watafiti walisimulia visa vifupi vya mtu mwenye hisia fulani, kisha wakamwomba msikilizaji achague kati ya nyuso mbili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mara nyingi Wahadzabe hawakuchagua uso ambao nadharia ile ilisema watauchagua. Walipatia pale ambapo nyuso mbili zilikuwa mbali sana, kwa mfano mmoja wa raha na mwingine wa karaha. Mwaka 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walipitia tafiti nyingi mno juu ya jambo hili, na moja ya waliyoyasema ni kwamba mtu mwenye hasira hukunja uso kwa wastani kama mara 3 tu katika 10. Mara zilizobaki hasira yake hutoka kwa njia nyingine: ananyamaza, anacheka kwa uchungu, analia, anaosha vyombo kwa nguvu. Na upande wa pili ndio unaokuhusu zaidi: watu hukunja uso kwa mambo mengi ambayo si hasira.

Charles Darwin aliliandika hili tangu mwaka 1872. Alisema kukunja ndita ni alama ya mtu aliyekutana na ugumu, katika kufikiri au katika kutenda. Mtu anayepiga hesabu kichwani hukunja ndita. Anayetunga uzi kwenye sindano hukunja ndita. Sasa mfikirie dereva aliyetoka Lubumbashi. Ameikodolea macho barabara siku nyingi, jua la mchana usoni, taa za magari usiku. Amekaa foleni Kasumbalesa, akakaa foleni tena Nakonde na Tunduma, karatasi za mzigo mkononi, hajui kama ataruhusiwa leo au kesho. Akifika kwako, misuli ile ya juu ya macho imekuwa kazini muda wote huo. Ulitaka ashuke na uso gani?

Na kuna jambo dogo ambalo hukulitilia maanani. Umesema mtoto alipouliza, baba yake alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Mpeleke mume wako akapimwe macho. Mtu ambaye maandishi madogo yameanza kumsumbua hukunja uso ili aone vizuri, na kwa dereva hilo si la kuchelewesha, iwe linahusu ndoa yenu au halihusu.

Halafu simu. Nimefurahi ulitaja simu, kwa sababu jibu lako nusu limo humo. Mtafiti Michael Kraus alichapisha mwaka 2017 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliosikia sauti tu walizitambua hisia za mwingine vizuri kuliko waliosikia sauti na kuona uso pamoja. Wewe umeligundua mwenyewe bila maabara. Mume wako yule wa Tunduma anayekuchekesha ndiye huyohuyo anayeshuka kwenye bodaboda. Akiwa kwenye simu unamsikiliza yeye. Akiwa mbele yako unamtazama baba yako.

Kwa hiyo siku akirudi, jaribu kumpokea kwa sikio kabla ya jicho. Toka umpokee mzigo, shughulika na begi, na umsikilize anavyosalimia. Sauti ile ya kwenye simu ipo? Anamtania mtoto? Anauliza habari za nyumbani? Hapo una habari nyingi kuliko zote zilizoandikwa kwenye ndita zake.

Juu ya kuuliza, nina neno kali kidogo, na nalisema kwa upendo. "Umekasirika?" ni swali linalomfunga mtu. Akisema ndiyo, ameanzisha ugomvi. Akisema hapana, humwamini. Na alipokuambia "nimechoka", mwanangu, alikujibu. Alikupa jibu kamili, la kweli kwa kadiri ninavyoona, ukaliweka pembeni kwa kuwa halikufanana na ulichokiona. Hilo linamuumiza mtu. Kuulizwa mara tatu jambo moja ni kuambiwa mara mbili kwamba wewe ni mwongo.

Uliza, tena uliza sana, ila uliza lingine. "Pole na safari. Unaoga kwanza au unakula?" Kisha, ameshakula: "Mpakani mlikaa sana safari hii?" Mwache atoe mwenyewe. Na kama baada ya hapo kitu bado kinakukaa moyoni, muulize mara moja tu, kwa kusema hali yako badala ya yake: "Nakuona kimya, na mimi nikiona hivyo naingiwa na hofu. Kuna jambo, au ni uchovu?" Akijibu, lichukue jibu lake. Moyo utaendelea kwenda mbio, hautatulia kwa sababu tu umeamua kumwamini. Uache uende mbio, wewe nenda kapike au kamwogeshe mtoto, na asubuhi angalia ilikuwaje. Ukifanya hivyo mara kwa mara utaanza kusahihishiwa daftari nyumbani kama unavyosahihishiwa kazini.

Wapo watakaokwambia ujiweke kwenye nafasi yake uhisi anavyohisi. Ni ushauri wenye nia njema, lakini Tal Eyal, Mary Steffel na Nicholas Epley waliupima kwa majaribio 25 yaliyochapishwa mwaka 2018, wakaona kujiweka kwenye nafasi ya mwingine hakukumfanya mtu apatie zaidi mawazo ya mwenzake, hata kwa wenza wanaojuana. Kilichosaidia ni kumuuliza na kumsikiliza. Sasa wewe ukijiweka kwenye nafasi ya mume wako, utakayemkuta huko ni wewe mwenyewe na hofu yako.

Ndiyo maana sikubaliani sana na kungwi wako. Kuchagua saa nzuri ya kuleta jambo zito ni busara, na yeye alilitaka hilo. Lakini kumwachia mwanamke kazi yote ya kubashiri, huku mwanamume akiwa na mdomo wake na hautumii, ni kumtwisha mzigo wa watu wawili. Mume wako naye ana wajibu. Zungumza naye, na mzungumze siku mkiwa mmekaa vizuri, au hata kwenye simu, kwa kuwa simu imekuwa mahali penu pazuri. Mwambie habari ya dirisha, na mkanda, na wadogo zako uani. Mwambie lote. Hajui kwa nini mke wake humtazama kama mtu anayeogopa, na nina hakika limemuuma kuliko anavyosema, kwani hajawahi kukunyanyulia mkono. Kisha mwombe kitu kimoja chepesi: akifika aseme. "Nimechoka, sina neno na mtu, naomba nusu saa." Sentensi kama hiyo ikisemwa mlangoni itakuokolea usiku mzima. Na siku akiwa na hasira kweli, aseme pia, hata kama ni kwa ufupi, maana ukikuta "hapana" yake siku hiyo ilikuwa ya uongo, imani yote tunayoijenga hapa itaanguka.

Jaribio la macho lisikunyime usingizi. Inaelekea ni lile la Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge, lenye picha 36, lililoboreshwa mwaka 2001. Picha zake zilitolewa kwenye majarida, nyuso za Wazungu, na ili ujibu inabidi uyajue vizuri maneno ya Kiingereza ya hisia zinazokaribiana sana. Watu kwa kawaida husoma vizuri zaidi nyuso za watu wa kwao, na hapo hukupewa hata uso mzima. Wenzako wacheke, lakini wewe usijipime kwa hilo.

Na binti yenu. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani, akiwamo James Sorce na Joseph Campos, waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo, ambapo upande mmoja chini ya kioo palionekana kama pana shimo dogo. Ng'ambo alikaa mama. Mtoto akifika ukingoni alimtazama mama yake usoni. Akina mama waliotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Walioonyesha uso wa hofu, watoto wao 17 wote walikataa kuvuka, hata mmoja hakujaribu. Shimo lilikuwa lilelile. Mtoto wako hajajifunza kuogopa ndita za baba yake kwa kumtazama baba. Amejifunza kwa kukutazama wewe unavyomtazama. Silisemi hili ujilaumu, nalisema kwa sababu lipo mikononi mwako. Akikuuliza tena, usimwambie "nyamaza" wala usimwambie "hapana" kama huna hakika. Mwambie, "Sijui, nenda kamuulize," umsindikize. Baba atacheka, au atasema anasoma ujumbe, au atasema ndiyo, gari limemkera. Kwa vyovyote mtoto atakuwa amepata kitu ambacho wewe hukukipata utotoni, nacho ni ruhusa ya kuuliza.

Yote haya nimeyaandika kwa kuwa umenihakikishia hujawahi kupigwa wala kutishwa. Msomaji mwingine anayeogopa uso wa mumewe kwa sababu uso ule umekuwa ukifuatwa na kipigo, huyo asome barua hii kwa namna nyingine: hofu yako inakuambia kweli, na mahali pa kwenda ni dawati la jinsia na watoto kwenye kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako.

Kwako wewe, mke wa dereva, kama miezi michache ikipita na moyo bado unalipuka kila bodaboda inaposimama nje, usibaki na mimi tu. Uko kwenye sekta ya afya, unajua njia. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia kitengo cha afya ya akili, na uwaambie habari za baba kabla ya habari za mume. Kuna watu waliosomea kumsaidia mtu mzima ambaye mwili wake bado unamsubiri baba aliyekwisha kufa, na msaada huo ni haki yako kama ilivyo haki ya mgonjwa yeyote anayepita mapokezi kwako.